Ulimi wa Kitufe cha Nne

Lawtell, Louisiana
6 Januari 1982

Mzee Latiolais,

Shikamoo. Mimi naitwa Odile Papillion. Jina lako nimeliona kwenye karatasi iliyobandikwa katika duka la chakula cha mifugo, Opelousas. Muuzaji ameniambia ulihamia Texas zamani kwa ajili ya kazi ya kiwandani, ila kodiani bado unatengeneza nyumbani kwako.

Nakutumia moja kwa basi. Ni nyeusi, ya Kijerumani, ya vitufe kumi, ya tangu kabla ya vita. Ilianguka mwezi uliopita, na sasa kitufe cha nane kinakoroma ukivuta. Naomba uitengeneze. Naomba pia irudi kabla ya Mardi Gras, maana kesho yake ni Jumatano ya Majivu, na kwetu ikifika kodiani inafungiwa sandukuni mpaka Pasaka.

Sina zaidi. Samahani kwa usumbufu.

Odile Papillion


Port Arthur, Texas
17 Januari 1982

Binti Papillion,

Marahaba. Mwandiko wako unasomeka kuliko wa padri wangu, na yeye alisomea Roma.

Kitufe cha nane kilikuwa kazi ndogo tu, nta inayoshika ulimi iliachia. Lakini nilipoicheza yote kutoka juu mpaka chini nikakuta maskini anaumwa kuliko ulivyojua. Unajua ndani kuna ndimi za chuma, kila sauti na zake. Kuna mtu alishika tupa akazikwaruza zile sauti tamu, zile zinazofanya walsi iwe walsi, akazipandisha zote. Hakufanya ovyo, alifanya kwa uangalifu mkubwa, na ndiyo maana nilisikitika zaidi. Nikajiambia, binti mwenye adabu kama huyu asiachiwe kitu kinachokuna meno.

Nimekaa nayo siku nne. Kila ulimi nimeushusha mahali pake, kama marehemu baba yangu alivyonifundisha kule Mamou. Hiyo ni zawadi, usiniandikie habari ya malipo. Mke wangu Eula alisikia kutoka jikoni akasema, "Dallas, hiyo sasa inalia kama mtu mwenye akili."

Cheza mwanangu, ufurahi.

Dallas Latiolais


Lawtell
26 Januari 1982

Mzee Latiolais,

Shikamoo. Sanduku lilifika salama. Hukukosea wewe. Nimekosea mimi, kwa sababu kuna maneno niliona haya kuyaandika. Naandika sasa.

Kodiani ni ya baba yangu, Alcée Papillion. Tarehe tisa Desemba msumeno wa kiwanda cha mbao ulimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia, mkono wa vitufe. Aliporudi kutoka hospitali tulimwekea kodiani kitandani, tukidhani itamfariji. Akaisukuma ikaanguka, akageukia ukutani. Mpaka leo hajageuka. Anakunywa maji. Mama yangu wa ubatizo, Nanan Verlie, ndiye anayekaa nasi, maana mama alifariki nikiwa mdogo. Nanan akimkemea sana, Baba anakubali vijiko viwili vya wali wa maziwa. Daktari alituita uani akasema, "Kidonda kimepona. Mwenyewe ndiye hataki. Akiendelea hivi hafiki Pasaka."

Baba hajui kwamba naweza kupiga. Nilijifunza peke yangu kwenye ghala la mahindi, yeye akiwa kazini. Sijawahi kupiga mbele ya mtu. Nilipomaliza shule mwezi wa tano, mwalimu aliandika kwenye cheti kwamba mimi ni mtulivu, lakini si utulivu, ni woga. Nilifikiri nikimpigia Baba kutoka chumba cha pili, akasikia sauti yake mwenyewe, labda atageuka.

Jumapili baada ya misa nikapiga. Baba akasema, bila kugeuka, "Hiyo ya nani?"

Nikasema, "Ni yako, Baba."

Akasema, "Usinidanganye, Odile."

Tangu hapo hata vile vijiko viwili amekataa.

Zile sauti hazikuharibika, Mzee. Baba ndiye aliyezipandisha. Sisi Wakrioli, watu weusi, tunapiga muziki wetu wa zaideko na gitaa la umeme na bati la kukwaruza linalovaliwa kifuani, na binamu zangu wana kodiani kubwa ya vitufe vya piano, ambayo sauti hizo zinakaa juu. Ninyi Wakajuni, wazungu, mnazitaka chini, ili fidla ilale juu yake vizuri. Ukiziweka pamoja zinagombana. Watu walimwambia Baba achague. Yeye na rafiki yake Ovide Frugé, mpiga fidla, Mkajuni kama wewe, hawakutaka kuchagua. Majira yote ya baridi niliyokuwa na miaka sita Baba alikaa jikoni na tupa, anakwaruza kidogo, anasikiliza, anakwaruza kidogo. Mpaka akapata mahali katikati ambapo wote wanakaa bila kugombana. Siku hiyo alimwita Ovide na binamu wa bati wakapiga uani kwetu. Nakumbuka Baba alicheka akipiga, akacheka mpaka akakosea, na Ovide naye akacheka, na watu hawakujua wacheze kwa hatua zipi, basi wakacheza zote. Mjane wa jirani alicheza walsi na bati likikwaruzwa nyuma yake kama mvua juu ya paa.

Hiyo ndiyo sauti niliyokuletea. Je, inarudishika? Uliandika mahali popote jinsi ulivyoikuta?

Odile


Port Arthur
30 Januari 1982

Odile,

Sikuandika popote. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na minane, nikaona kosa, nikalifuta. Sikufikiria hata mara moja kwamba mtu anaweza kuzipeleka huko kwa makusudi. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta pa kukaa.

Nakueleza ukweli wa kazi. Ulimi ukiukwaruza shina, unashuka. Ukiukwaruza ncha, unapanda. Nilizikwaruza shina, kwa hiyo naweza kuzipandisha kwa kukwaruza ncha. Lakini chuma kilichoondoka hakirudi, na hizi baba yako alishazipunguza, na mimi nimezipunguza tena. Zitavumilia mara moja, siyo mbili.

Shida kubwa ni nyingine. Ni katikati, sawa, lakini ni wapi? Nikikisia kwa sikio langu nitaangukia Mamou, kwa sababu ndiko sikio langu lilikozaliwa. Kuna kanda yoyote ya baba yako akipiga? Itafute leo. Itume pamoja na kodiani kwa basi la kwanza.

Na huyo mama yako wa ubatizo ajaribu mchuzi wa kuku, siyo wali. Mtu akigeukia ukuta anachoka kutafuna.

Dallas Latiolais


Lawtell
4 Februari 1982

Mzee,

Shikamoo. Kodiani na kanda viko ndani ya sanduku moja, nimevifunga kwa blanketi la Nanan. Kanda ni ya Mardi Gras ya mwaka 1979, uani kwetu, kwa redio-kaseti ya Nanan. Mbwa anabweka mwanzoni. Anayecheka karibu na kipaza sauti ni Nanan mwenyewe, na amenituma nikuombe usimcheke.

Mchuzi Baba alionja mara moja. Jana Nanan alimwambia, "Alcée, ukitaka kufa kufa, lakini utakufa umeoga. Sitaki wakwe zako wanisengenye."

Baba akasema, "Verlie, toka."

Tukaenda jikoni tukashikana mikono kwa furaha, kwa sababu alikuwa amesema maneno mawili. Kisha Nanan akaanza kulia, na mimi sikujua niweke wapi mikono yangu.

Kodiani nimemwambia iko chini ya kitanda changu. Hakuuliza, nilimwambia tu. Safari hii kweli nimemdanganya.

Odile


Port Arthur
9 Februari 1982

Odile,

Kanda imefika. Nitakusimulia kwanza jambo la aibu. Niliiwasha kibandani kwangu nikiwa na tupa mkononi, nikitaka kusikiliza kama daktari. Dakika ya pili fidla ya huyo Ovide ikaingia, bati likaingia chini yake, na kodiani ya baba yako ikakaa hapo katikati kama mtu aliyeshika mikono ya watu wawili. Nina miaka sitini na saba na goti bovu. Nilichukua ufagio nikacheza nao kutoka mlangoni mpaka dirishani na kurudi. Eula alinikuta. Alisema, "Huyo mwanamke ni mwembamba mno kwako," akaninyang'anya ufagio, tukacheza mpaka upande ule wa kanda ukaisha.

Maisha yangu yote nimesikia muziki wenu upande ule wa barabara na wetu upande huu. Nilidhani kinachotutenganisha ni watu tu. Sikujua hata ndimi za chuma zilikuwa zimechukua upande.

Sasa habari mbaya. Betri za redio siku ile zilikuwa zinakufa. Kanda inakimbia ovyo, na mimi sijui ni kwa kiasi gani, kwa hiyo sauti zote ninazosikia ni za uongo kidogo. Nimeirudia mara ishirini. Lakini kuna mtu anagonga pembetatu ya chuma, upande wa kushoto wa mbwa. Chuma hicho hulia vilevile siku zote, kiwe cha moto au cha baridi. Kama bado kipo, nitumie. Nitarekebisha mwendo wa kanda mpaka pembetatu iliyo ndani yake ikubaliane na iliyo mkononi mwangu. Hapo ndipo nitajua baba yako alisimama wapi.

D. Latiolais


Lawtell
12 Februari 1982

Mzee,

Pembetatu hii hapa. Ovide aliikunja mwenyewe kwa meno ya reki ya majani makavu, zamani, kabla hajafa. Tuliikuta kwenye banda la kuku inafunga mlango. Nimeiosha.

Padri alikuja Jumatano akampaka Baba mafuta ya wagonjwa. Baba alimwachia afanye. Nanan anasema mafuta hayo ni ya uzima pia, lakini aliposema hivyo alikuwa akikunja suruali za Baba na kuziweka kwenye boksi. Sasa tunamgeuza watu wawili tu, mimi na yeye, na hatuchoki. Zamani hata wanaume watatu hawakumwinua Baba.

Zimebaki siku kumi na moja kufika Mardi Gras. Nisamehe, najua unajua kuhesabu.

Odile


Port Arthur
19 Februari 1982

Odile,

Mambo yanakwenda vizuri. Pembetatu imesaidia sana, mahali pake nimepapata. Ni unyevu tu wa hapa pwani, nta inachelewa kukauka. Siku mbili tatu. Usiwe na wasiwasi.

D. L.


Lawtell
23 Februari 1982, Mardi Gras

Mzee Latiolais,

Leo nimekwenda kituo cha basi mara tatu. Mara ya tatu karani aliniona kwa mbali akatikisa kichwa kabla sijashuka garini.

Wapanda farasi wa Mardi Gras walikuja saa tano asubuhi na barakoa zao, kuomba kuku wa mchuzi wa gumbo kama kila mwaka. Kila mwaka Baba huwatokea barazani na kodiani, anawachezesha kwanza, ndipo anawarushia kuku. Nahodha wao akaniuliza, "Alcée yuko wapi?" Nanan akajibu, "Yuko kitandani anabishana na Mungu." Basi wakashuka farasi, wakavua barakoa, wakaimba ule wimbo wa kuomba chini ya dirisha lake, pole pole, bila ala yoyote. Wengine walikuwa Wakajuni wa upande wa Eunice, waliokuwa wakija kucheza kwetu. Nilikuwa nimerudi chumbani kwake. Niliona Baba akivuta blanketi akafunika kichwa.

Niliwapa kanga mmoja wa bandani. Nahodha alikataa kumpokea.

Kesho ni majivu. Mzee, nta haichukui siku zote hizo. Mimi nimenyamaza maisha yangu yote, najua mtu anayenyamaza juu ya jambo anavyoandika. Anaandika barua fupi. Niambie ukweli, hata kama ni wa kuniua.

Odile


Port Arthur
25 Februari 1982

Odile mwanangu,

Umenisoma vizuri. Tarehe kumi na saba, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimebakiza ulimi mmoja. Kitufe cha nne, ukisukuma, ule unaobeba walsi nzima. Ulihitaji tupa mara moja tu tena. Nikauinua kwa kipande cha wembe kama nifanyavyo siku zote, ukakatika. Haukutoa hata mlio. Nilikaa juu ya ndoo na kile kipande kwenye kiganja, kidogo kuliko punje ya mchele. Nimezika kaka wawili, na sikumbuki kukaa hivyo. Sikuweza kukuandikia. Nikaandika habari za nta.

Ulimi kama ule hautengenezwi tena. Nilitafuta kwenye kodiani zote nilizonazo kibandani, na chuma chake hakikufanana. Ilibaki moja tu ya umri huo, ya baba yangu, iliyo juu ya kabati ambayo hatuigusi. Niliifungua. Chuma cha kitufe chake cha nne sasa kimo ndani ya kodiani ya Alcée Papillion. Nimekitafutia sauti siku nyingi, nikipiga pembetatu, nikisikiliza kanda, nikipiga pembetatu. Nadhani kipo mahali pake. Sitakudanganya tena, sina hakika. Kile chuma kimeshikilia sauti ya Mamou miaka sitini na kinataka kurudi chini.

Sanduku linaondoka na basi hili la barua. Najua limechelewa, ni Kwaresima. Eula anasema wewe fungua. Yeye ameacha kahawa mpaka Pasaka kwa niaba yako, na aliyeishi na Eula anajua hiyo si sadaka ndogo, hasa kwangu mimi.

Dallas Latiolais


Lawtell
1 Machi 1982

Mzee Latiolais,

Shikamoo, na mpe shikamoo Mama Eula.

Sanduku lilifika Jumamosi. Niliogopa kulifungua, nikalitazama mpaka Nanan akasema, "Unamwogopa Mungu au unaogopa kupiga? Sema ukweli." Nikasema kupiga. Akasema, "Basi hiyo si dhambi ya Kwaresima, ni upumbavu wa kawaida. Kaa."

Sikukaa chumba cha pili. Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda chake, kwa sababu nilifikiri, kama itakuwa mara ya mwisho, basi aione. Nilipiga ile walsi ya kwenye kanda. Mwanzo niliuharibu, nikaurudia.

Baba akasema, "Odile. Ni Kwaresima."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Nikaendelea, sikujua jinsi ya kuacha. Akasema, "Nani kakufundisha?"

"Hakuna."

"Ndivyo inavyosikika."

Nanan alitoa sauti mlangoni kama mtu aliyekanyagwa. Mimi nilipiga mpaka mwisho. Baba akaniambia nirudie sehemu ya pili. Nikairudia. Akaniambia tena. Nilipoinua macho alikuwa amegeuka. Uso wake sikuwa nimeuona sawasawa tangu Desemba, Mzee. Umebaki macho.

"Cha nne," akasema. "Sukuma. Shikilia." Nikashikilia mpaka upepo ukaisha. "Hao wengine ni wangu. Huyo ni nani?"

Nikamwambia yote. Kwamba niliichukua bila kumwuliza, kwamba nilidanganya niliposema iko chini ya kitanda changu, kwamba wewe ulizishusha kwa wema ukazipandisha kwa machozi, kwamba ulimi wake ulikatika na huu ni wa baba yako. Nilisema maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia kwa mara moja. Alisikiliza akiangalia dari.

"Mkajuni," akasema.

"Ndiyo, Baba. Wa Mamou."

"Akafungua ya baba yake."

"Ndiyo."

Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Kauweka chini kidogo. Unywele mmoja. Unaburuta fidla." Akasema, "Verlie, miwani yangu iko wapi?"

Ikawa hivyo. Nanan alimletea miwani, tukamwegemeza kwa mito, akataka kodiani ifunguliwe mbele yake. Aliangalia ndimi moja moja kwa nusu saa. Ule wa kwako aliugusa kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Akaulizia tupa yake. Nanan aliitupa kwenye bwawa mwezi wa kumi na mbili pamoja na visu vyote vikali vya nyumba, kwa hofu ya jambo lingine, na hakutaka kusema ni jambo gani, lakini Baba alielewa.

Sikudanganyi na mimi. Bado hajala. Nanan amesimama na bakuli, anasema, "Wali kwanza, tupa baadaye." Baba anasema, "Tupa kwanza." Wamebishana tangu jana asubuhi, na leo kabla ya misa walikuwa wanaendelea, na sauti ya Baba ilifika mpaka barabarani. Daktari anasema mwili umebakiwa na siku chache za ukaidi wa namna hiyo, si nyingi.

Kwa hiyo nakuomba, usinijibu kwa barua. Peleka tupa kwenye basi la kwanza ukimaliza kusoma hapa, ile nyembamba kabisa unayotumia wewe. Itamfaa mkono wa kushoto? Kama kuna ya mkono wa kushoto, tuma hiyo. Nitakuwa kituoni kuanzia asubuhi, karani nimeshamwambia, nimemwambia kwa sauti.

Juu ya boksi andika jina la Baba.

Odile